Kijana aliyesomeshwa na hospitali ya kwao: kwa nini mmoja hubaki na mwingine huondoka?

#1 Mtoto wa Mkunga
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wananchi inayokutana kila baada ya miezi mitatu na uongozi wa hospitali ya misheni iliyoko wilayani kwetu, nami naleta hoja iliyotugawa vibaya katika kikao kilichopita. Hospitali ina fungu dogo la kusaidia jamii. Kwa miaka mingi fungu hilo limekwenda kwenye misamaha ya wasiojiweza, chakula cha wajawazito waliolala nyumba ya mama ngojea, na huduma za mkoba zinazofika vijijini na mizani ya watoto ikining'inizwa kwenye tawi la mwembe. Sasa uongozi unapendekeza sehemu kubwa ya fungu isomeshe vijana wa vijiji hivi uuguzi, ukunga, maabara na usingizi, yaani kazi ya kumlaza mgonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji, kwa mkataba wa kurudi kutumikia. Wapo waliosema kwamba huko si kusaidia jamii, ni hospitali kujitafutia watumishi kwa fedha za maskini.

Mimi nilisimama upande wa uongozi. Mwezi Juni hospitali yetu ilikaa wiki nzima bila kufanya upasuaji wa uzazi hata mmoja, si kwa kukosa dawa wala daktari, bali kwa sababu muuguzi wa usingizi ni mmoja tu na alikuwa amekwenda kumzika mama yake. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimepigwa deki, shuka za kijani zimekunjwa kabatini, na mama aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri akapakiwa garini kwa safari ya saa tatu za barabara ya vumbi. Mama alifika hai, mtoto hakufika. Msamaha wa malipo ungemfaa nini siku ile? Ninaamini kwamba kumsomesha mtoto wa hapa na kumsaidia mgonjwa wa hapa ni kazi moja. Nielimisheni, maana wapo tuliowasomesha wakarudi, na wapo ambao hatujawaona tena.

#2 Binti Kilombero
Pole sana kwa msiba huo. Wazo la uongozi wenu si geni. Kwetu Ifakara, wataalamu kutoka Basel, Uswisi, walianzisha maabara ya utafiti mwaka 1957, na mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundishia waganga wasaidizi wa vijijini, jirani kabisa na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Hawakungoja wataalamu washuke kutoka mjini. Walichukua vijana na kuwafundisha pale pale penye malaria na mafuriko ya Kilombero, wakijifunza ugonjwa kwa wagonjwa wenyewe. Kijana aliyefundishwa kwenye mazingira hayo hashtuki anapopangiwa zahanati isiyo na umeme, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoizoea. Nafikiri siri ya kubaki iko mahali anapofundishiwa kuliko mahali alipozaliwa.

#3 Matroni Mstaafu
Ninawasalimu nyote. Nimefanya kazi katika hospitali za kanisa kwa zaidi ya miaka thelathini, na naomba tusizunguke sana: wanaondoka kwa sababu ya mshahara na pensheni. Mwaka 2006 na 2007, serikali ilipopandisha mishahara na kufungua ajira kwa wingi, nilikuwa msimamizi wa wodi ya watoto. Kila Jumatatu nilikuta barua mezani. Waliokuwa wakiondoka ni watoto wa vijiji vya jirani, tuliowafundisha sisi wenyewe, wengine nimewashika mkono walipochoma sindano yao ya kwanza. Hawakuichukia hospitali, na baadhi yao walilia wakiniaga. Walikwenda kituo cha afya cha serikali, pengine kilomita ishirini tu kutoka pale, kwa sababu kule kulikuwa na uhakika wa uzeeni. Kwa hiyo, mwanangu Mtoto wa Mkunga, msomeshe nani, wapi na vipi, kama hospitali haiwezi kumlipa sawa na jirani yake, umemsomeshea jirani.

#4 Mzee wa Kumbukumbu
Naunga mkono hoja ya Mama Matroni, ila niiongezee historia yake. Hospitali nyingi za makanisa zimefanywa hospitali teule za wilaya, maana yake serikali hutumia hospitali ya kanisa mahali ambapo haina yake, na kwa makubaliano hayo huchangia dawa na mishahara ya baadhi ya watumishi. Ndiyo maana katika wodi moja unaweza kukuta wauguzi wawili wa cheti kimoja na zamu moja, mmoja analipwa na serikali na mwingine na dayosisi, na bahasha zao hazifanani. Tukumbuke pia kwamba baada ya Azimio la Arusha shule za misheni zilichukuliwa lakini hospitali za misheni hazikuguswa hata moja, na hata sheria ya mwaka 1977 iliyopiga marufuku hospitali za biashara iliziacha za dini ziendelee.

#5 Kijana wa Igoma
Shikamoo Mzee wa Kumbukumbu. Kuhusu sheria ya 1977 uko sahihi, ila hapo kwenye "hata moja" naomba kusahihisha. Bugando, hapa kwetu Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka 1972, na ilirudishwa kwa maaskofu Katoliki mwaka 1985. Leo imezaa chuo kikuu kinachotoa madaktari, wafamasia na wauguzi. Lakini wengi wa vijana hao unawakuta Mwanza na Dar es Salaam, si Ukerewe wala Ngara. Chuo kikiwa mjini huzoesha watu mji. Hapo namuunga mkono dada wa Kilombero.

#6 Mzee wa Kumbukumbu
Marahaba kijana wangu. Umenisahihisha kwa adabu na nimekubali: niseme hospitali nyingi hazikuguswa. Bugando nilipata kulazwa, na ni aibu kwangu kuisahau hospitali iliyonitoa kidole tumbo.

#7 Msafiri wa Durban
Ninaishi Afrika Kusini, na kuna mfano unaolingana kabisa na hoja ya kwanza. Kaskazini mwa KwaZulu-Natal, karibu na mpaka wa Eswatini, kuna mji mdogo wa Ingwavuma wenye hospitali iitwayo Mosvold. Kwa miaka mingi ilitegemea madaktari wageni waliokaa muda mfupi na kuondoka. Mwaka 1999 daktari aliyekuwa akiiongoza, Andrew Ross, pamoja na wenzake walianzisha mfuko wa kusomesha vijana wa eneo hilo hilo, wakaanza na wanafunzi wanne tu. Baadaye mpango ulikua na kuitwa Umthombo, neno la Kizulu lenye maana ya chemchemi.

Naomba mzingatie jinsi walivyofanya, kwa sababu hawakutoa ada na kukaa kimya. Kijana alitakiwa kwanza ajitolee hospitalini ili aone damu, harufu na uchovu kabla ya kuomba ufadhili. Wananchi walishiriki katika kuwachagua. Likizo walirudi kufanya kazi kwenye wodi za kwao, na chuoni walikuwa na mtu wa kuwafuatilia mwezi hadi mwezi, awaulize maendeleo ya masomo na hali ya nyumbani. Kila mwaka wa kusomeshwa ulilipwa kwa mwaka mmoja wa kutumikia. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010 kuhusu watumishi wa vijijini, lilishauri vyuo vichukue wanafunzi wenye asili ya vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi na kubaki. Kwa mtazamo wangu, kinachombakiza kijana ni uhusiano unaotunzwa kwa miaka yote ya masomo.

#8 Tabibu Asiye na Kituo
Naomba nisikike kwa uchungu kidogo. Mnazungumzia kusomesha wapya, na sisi tuliosoma tupo mitaani. Nina stashahada ya utabibu, nina leseni, na kwa mwaka wa pili sasa nauza vocha na kusaidia kwenye duka la dawa la shemeji. Kumbukeni mwaka 2017: Tanzania ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500, shauri la kuupinga mpango huo likafunguliwa mahakamani kule, na madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda wakaajiriwa hapa nchini mara moja. Inakuwaje nchi yenye upungufu vijijini iwe na madaktari wa kupeleka nje? Upungufu wetu ni wa nafasi za ajira zenye fedha nyuma yake. Watu wapo. Fungu hilo la hospitali lingeajiri matabibu wawili kesho asubuhi, bila kungoja mtoto asome miaka mitatu.

#9 Mtoto wa Mkunga
Ndugu yangu Tabibu, nimekusoma mara mbili na sina jibu jepesi. Uongozi ulituambia kwamba nafasi ya utabibu ikitangazwa maombi yanajaa kabati, lakini ya usingizi ilitangazwa mara tatu bila mwombaji hata mmoja. Huenda wewe na Mama Matroni mnazungumzia upungufu wa aina tofauti. Dada wa Kilombero, mimi bado naona asili ya kijana ina uzito kuliko chuo. Wale wawili waliobaki kwetu wana mashamba hapa, na wazazi wao wamezikwa hapa.

#10 Mama Wawili
Mimi ni mke wa muuguzi, na sauti yetu huwa haisikiki kwenye mijadala hii. Mume wangu alizaliwa kilomita nane kutoka hospitali aliyofanyia kazi, akasomeshwa nayo, akarudi na kutumikia mkataba wake wote. Tulipewa chumba kimoja kwenye nyumba za watumishi, ukuta mmoja na familia nyingine. Wakati wa zamu za usiku alilala mchana, na mimi nilikaa nje na watoto chini ya mti hadi saa tisa ili asiamshwe. Mimi ni mwalimu, na kwa miaka minne niliomba uhamisho wa kumfuata bila kufanikiwa, hivyo nilikuwa pale bila mshahara. Hatukuondoka kwa tamaa. Tuliondoka siku mtoto wa kwanza alipotakiwa kuanza darasa la kwanza, kwenye shule yenye walimu watatu kwa madarasa saba. Mnapomwajiri muuguzi mmewaajiri watu wanne, na hao watatu hakuna anayewauliza.

#11 Matroni Mstaafu
Mama Wawili, umenigusa, mwanangu. Nami nirudi kwa mtoa hoja, maana kuna jambo la kitaalamu. Kama shida yenu ya kwanza ni usingizi, msimpeleke mtoto wa kidato cha nne akaanze stashahada ya uuguzi ya miaka mitatu halafu ndipo aongeze usingizi. Kozi ya usingizi kwa wauguzi, kwa mfano ile ya KCMC pale Moshi, ni ya mwaka mmoja. Mchukueni muuguzi aliye tayari kwenye wodi yenu, mwenye nyumba na ndoa pale pale, mpelekeni mwaka mmoja, na mlipieni familia yake posho akiwa huko. Mwakani anarudi na mna watu wawili wa kupokezana, na mmoja akifiwa, mwingine yupo. Kusomesha watumishi ni pamoja na kumpandisha aliyeko, na huyo ndiye husahaulika.

#12 Mwalimu wa Sayansi
Nasoma uzi huu kwa makini tangu jana. Mnabishana nani achaguliwe, na mimi nauliza: atachaguliwa kutoka wapi? Kuingia stashahada ya uuguzi kunahitaji ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne. Katika kata ninayofundisha, mimi ndiye mwalimu pekee wa Kemia na Biolojia kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na Fizikia imekaa bila mwalimu muda mrefu. Mwaka jana nilikuwa na binti hodari, mwenye mkono mtulivu kama wa fundi saa. Alipata C ya Biolojia na F ya Fizikia, somo ambalo hakuwahi kufundishwa hata kipindi kimoja kwa mwaka mzima. Nafasi za ufadhili zikija huchukuliwa na watoto waliosomeshwa mjini ambao kijiji ni asili ya babu zao. Mkisema "wa hapa", hakikisheni ni wa hapa kweli, na fungu lenu lianzie maabara ya shule ya kata.

#13 Mkaazi wa Chogoria
Salamu kutoka Tharaka Nithi, Kenya. Hospitali yetu ya Chogoria ilianzishwa mwaka 1922 na misheni ya Kanisa la Scotland chini ya Dkt. Clive Irvine, na sifa yake kubwa imetokana na kazi ya vijijini, mlango kwa mlango, kuliko vitanda vyake. Kwa hiyo nashangaa kwamba uzi mzima unawazungumzia wauguzi tu. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa. Hulipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti. Wengi wao ni akina mama waliojitolea miaka mingi bila senti. Hawa hawahami, kwa sababu wako nyumbani kwao. Ninyi Tanzania hamna watu wa namna hiyo?

#14 Binti Kilombero
Tunao, jirani yetu. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotakiwa kufikia 137,294 kwa miaka mitano, wakiajiriwa wote na serikali. Nakubali kwamba hawa ndio wanaobaki.

#15 Kijana wa Igoma
Dada, leo nimekuwa karani wa masahihisho, nisamehe. Idadi umeitaja sawa, lakini hawaajiriwi kama watumishi wa umma. Wanachaguliwa na wananchi wa kijiji au mtaa wao, wanapewa mafunzo ya miezi sita, kisha wanalipwa posho. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu posho haina pensheni, na tunarudi palepale kwa Mama Matroni. Sijui kama wanabaki kwa kupenda au kwa kukosa pa kwenda.

#16 Mjukuu wa Fundi Cherehani
Nami niwape mfano wa hospitali inayounganisha mambo yote mawili, huduma na kazi. CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994, hutibu fistula, ugonjwa unaowapata akina mama waliokaa na uchungu wa kujifungua muda mrefu bila msaada. Tatizo halikuwa upasuaji peke yake, kwani mama wa kijijini alishindwa nauli. Tangu mwaka 2009 wakawa wanatuma nauli kwa M-Pesa kwa balozi wao aliyeko kijijini, naye humpandisha mgonjwa basi, na mgonjwa akifika salama balozi hupata ahsante kidogo. Pia walianzisha Kituo cha Mabinti, ambapo wanawake waliopona walijifunza ushonaji, uchapaji wa vitambaa na kazi za shanga. Nimenunua mkoba wa kitenge uliotengenezwa na mikono hiyo, na mshono wake umenyooka. Mtoa hoja, huenda kamati yenu imefikiria kazi za kuvaa sare nyeupe peke yake, na hospitali ina uwezo wa kumfunza mtu aliyepona ili arudi kwao na cherehani yake.

#17 Mlinda Ankara
Samahani, nami niseme kwa niaba ya wale mnaotaka kuwapunguzia. Baba yangu alifia hospitali moja ambayo sitaitaja. Mwili ulikaa chumba cha maiti siku nne kwa sababu ya deni, na sisi tuliuza ng'ombe wa maziwa, aliyekuwa akisomesha wadogo zangu, ili tupate kumzika. Ofisi ya ustawi wa jamii ilituambia fungu la misamaha la mwaka limekwisha, na ulikuwa mwezi wa tisa. Kwa hiyo mnapozungumza juu ya kuhamisha fungu, naona sura ya mama yangu akiwa amekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha maiti, ameshika risiti. Somesheni watoto, sikatai. Tafuteni fedha hizo kwingine, si kwenye msamaha.

#18 Muuguzi wa Zamu
Pole sana Mlinda Ankara. Naomba nigusie mkataba, kwa kuwa ndio uliniondoa mimi. Nilisomeshwa na hospitali ambayo pia nitaificha jina. Niliporudi, vyeti vyangu halisi vilifungiwa kwenye kabati la mhasibu kwa miaka mitatu ili nisitoroke. Nilifanya kazi kwa moyo, lakini kila nilipopita mlango ule nilijiona kama rehani. Siku mkataba ulipoisha nilichukua vyeti asubuhi na jioni nikapanda basi, ingawa ukweli ni kwamba nilipenda kazi ile na wagonjwa wale. Nadhani wangeniamini ningebaki. Mpango wa Ingwavuma alioueleza Msafiri wa Durban una mtu wa kukuuliza hali. Kwetu mtu aliyekuwepo alikuwa wa kulinda kabati.

#19 Tabibu Asiye na Kituo
Muuguzi wa Zamu, kwa heshima, mimi ningekubali kabati lifungwe miaka mitano kama ndani ya miaka hiyo ningekuwa kazini. Ila nimekuelewa.

#20 Mtoto wa Mkunga
Nawashukuru wote. Nimechapisha majibu ya Mama Matroni, Mwalimu wa Sayansi, Mama Wawili na Mlinda Ankara, nami nitayasoma kikaoni Alhamisi ijayo. Kuhusu usingizi nimeshampigia simu katibu wa hospitali. Amekiri kwamba hawakuwahi kufikiria kumpeleka muuguzi aliye kazini, kwa kuwa akiondoka wodi ya wazazi itabaki na wakunga wawili kwa zamu zote. Mama Matroni, hilo mlilifanyaje zamani zenu?

#21 Matroni Mstaafu
Tulikuwa tukiomba mkunga wa kuazima kutoka hospitali ya dayosisi jirani kwa mwaka huo, na mwaka uliofuata nasi tunawaazima wa kwetu. Barua ya maombi iandikwe na matroni kwa matroni, isipitie ofisi nyingi. Nitumie ujumbe wa faragha nikuandikie ya mfano. Na umwambie katibu wenu mkunga huyo wa kuazima apewe chumba chenye dirisha, si kile cha Mama Wawili.